WAPAGAZI WA SAUTI

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo tunaitumia sana tunaposifu nyumba, mashamba na vyombo vya watu; lakini ni mara chache tunaikumbuka tukiwa mbele ya jukwaa. Kwaya inapoimba na kusikika hadi kwa mtu wa safu ya mwisho, twampongeza mwimbaji. Mgeni rasmi anapohutubia na kila neno lake likafika, twampongeza mgeni rasmi. Kijana aliyeamka alfajiri kutandaza nyaya, akapandisha spika mahali pake, na kwa saa sita nzima asiondoe macho yake kwenye mikisa, huyo hatumtaji. Tunamkumbuka mara moja tu, kipaza sauti kinapopiga yowe. Hapo umati wote humgeukia kwa macho makali, kana kwamba alikuja pale kwa nia ya kuiharibu sherehe.

Leo tunapenda kusema juu ya kijana huyo, na hasa yule ambaye bado ni mwanafunzi. Tena tunapenda kusema tukiwa na Ulyankulu mbele ya macho yetu, kwa sababu ni mahali ambapo jambo hili laonekana waziwazi.

Wasomaji wetu wengi wanaijua historia ya Ulyankulu. Makazi hayo, ambayo leo yamo katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, yalianzishwa mwaka 1972 kuwapokea watu waliokimbia mauaji nchini Burundi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na ndugu zetu hao walilipokea jembe, wakafyeka pori la miyombo na kuligeuza kuwa mashamba. Mwaka 2014 taifa letu lilikamilisha uamuzi wa kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa msafara ule wa 1972 na watoto wao, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nchi chache duniani zimewahi kufanya jambo kama hilo kwa watu wengi kiasi hicho kwa pamoja.

Pamoja na jembe, watu wa Ulyankulu walishika jambo lingine, nalo ni wimbo. Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo imebeba katika jina lake namba ya barabara ya makazi yenyewe, imelifanya jina la Ulyankulu litamkwe na watu ambao hawajapata kufika Kaliua wala kuona ramani yake. Kwa wengi wetu, Ulyankulu ni sauti kabla haijawa mahali. Nasi twauliza: sauti hiyo hubebwa na nani?

Swali hili halikuanza leo katika nchi ya Unyamwezi. Karne ya 19, njia ya misafara ilipita Tabora ikielekea Ujiji upande wa magharibi na Bagamoyo upande wa pwani. Mizigo iliyopita njia hiyo ilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, na Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kuliko wote katika kazi hiyo. Hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Walikuwa mafundi wa safari: walijua kupima mzigo, kuufunga na kuugawa, walijua mwendo wa siku na mahali penye maji, na walipatana ujira na posho kabla ya kuondoka. Lakini vitabu vingi vimeandika majina ya wenye msafara. Kwaheri majina ya waliobeba. Wanafunzi wetu humtaja Stanley na Livingstone, ambao mwaka 1872 walikaa pamoja Kwihara, karibu na Tabora. Waulizeni wataje wapagazi watatu tu.

Ndivyo ilivyo hata katika muziki. Tabora ni mji wenye sifa kubwa katika historia ya dansi nchini. Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz ya Shem Karenga zilitoka hapa, na hadi leo majina hayo yanatajwa kwa heshima. Ni haki yao. Lakini nani anayemkumbuka mtu aliyesogeza kipaza sauti mbele ya gitaa, akapima na kupima tena, hata sauti ile ikaingia katika utepe jinsi tunavyoisikia sasa? Huyo ni mpagazi wa sauti. Amebeba mzigo hadi mwisho wa njia, kisha ameachwa nje ya mlango.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba kazi yenyewe ni ya kuvuta waya tu, haina elimu. Tunadiriki kusema kwamba wanakosea sana. Na tuitazame kazi hiyo kwa makini kidogo.

Fundi mitambo anapofika uwanjani, jambo la kwanza ni kupima umeme. Lazima ajue jenereta ina uwezo gani, amplifaya zake zinadai kiasi gani, na taa zitadai kiasi gani juu ya hapo. Pili, anaunga spika. Spika mbili za omu 8 kila moja zikiungwa sambamba, ukinzani wake unabaki omu 4. Akiongeza nyingine mbili kwa namna hiyo hiyo, unashuka hadi omu 2, na amplifaya isiyojengwa kwa mzigo huo itaungua. Tatu, anapanga mahali. Kipaza sauti kikisimama mbele ya spika, sauti inayotoka hurudi kuingia, ikatoka tena kwa nguvu zaidi, ikarudi tena, hata likatokea lile yowe tunalolichukia. Dawa yake ni kukiweka kipaza sauti nyuma ya mstari wa spika, na kumfundisha mwimbaji asikifumbate kichwa chake kwa kiganja. Nne, uwanja ukiwa mrefu, atatakiwa kukumbuka kwamba sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Spika za mbele zikiwa mita 34 kutoka kwa za nyuma, mtu aliyeketi mwisho atasikia neno moja mara mbili, la pili likichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na hotuba yote itamchanganyikia. Na mwisho, hata kuwasha kuna utaratibu: mikisa kwanza, amplifaya baadaye, wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Asiyejua hilo huzipasua spika za watu kwa kishindo kimoja.

Sasa msomaji na atuambie: hayo yote si fizikia? Si hesabu? Mwanafunzi wa sekondari huandika daftarini habari za ukinzani na za mawimbi ya sauti, akafanya mtihani, akasahau. Jumamosi mwanafunzi huyo huyo yumo nyuma ya spika za kwaya au za mahafali ya shule, akiungua vidole kwa makosa ambayo jibu lake limo daftarini mwake. Somo liko darasani, kazi iko uwanjani, na hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Hapo ndipo penye kasoro tunayoizungumza leo.

Kasoro hiyo ina hatari zake, nazo si za mzaha. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Mwaka 1972, mwaka ule ule Ulyankulu ilipoanzishwa, mpiga gitaa Les Harvey kutoka Scotland alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa kipaza sauti ambacho hakikuwa na waya wa ardhi. Ikiwa jambo hilo liliweza kutokea katika ukumbi wa Uingereza, litashindwaje kutokea chini ya turubai, ardhi imelowa mvua, na kebo imeungwa kwa mfuko wa plastiki? Swichi ya usalama, inayokata umeme mara unapovuja kiasi cha miliampia 30, ni kitu kidogo. Lakini ni nani atakayeidai ikiwa hajafundishwa kwamba ipo?

Hatari ya pili haina cheche wala moshi, kwa hiyo hatuiogopi. Wataalamu wa afya ya kazini hukadiria kwamba sikio laweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Anayetaka na ahesabu mwenyewe: sauti ikifika desibeli 100, muda wa salama ni robo saa. Kijana anayesimama kando ya spika kubwa tangu asubuhi hadi jioni, kila mwisho wa juma, anauza masikio yake. Na wengi wao wanayauza kwa bei ya soda na sahani ya wali.

Juu ya hayo liko suala la usiku. Sherehe nyingi hazimaliziki mapema, na fundi ndiye wa mwisho kuondoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inaruhusu kijana aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuilia masomo. Tukimchukua mwanafunzi hadi usiku wa manane akakunje kebo, kisha Jumatatu tukamchapa kwa kusinzia darasani, tumemwonea mara mbili.

Je, dawa ni kuwakataza wanafunzi wasiiguse mitambo? La hasha. Kuwakataza ni kuwasukuma wakajifunze gizani. Dawa ni kuwafundisha mchana, mbele ya macho ya mwalimu, na kuihesabu kazi hiyo kuwa elimu.

Wala fikra hiyo si ngeni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na kiini cha waraka ule kilikuwa kuikaribisha shule katika kazi za watu wanaoizunguka. Wengi walilielewa jambo hilo kuwa ni shamba la shule na banda la kuku peke yake. Tumelima, na ni vyema tulilima. Lakini mahali ambapo watu wanaimba, kazi za watu ni pamoja na wimbo. Na kujitegemea kwa mahali hapo ni pamoja na kuweza kuusikilizisha wimbo huo bila kukodi fundi kutoka mjini. Kila shilingi inayolipwa kwa mitambo na mafundi wa mbali ni shilingi iliyotoka kijijini na ambayo haitarudi.

Leo nafasi ipo. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na utekelezaji wake ulianza mwaka 2024. Tunaiunga mkono hatua hiyo. Hofu yetu ni kwamba neno amali litafasiriwa kwa uvivu, likawa useremala na ushonaji peke yake, kana kwamba nchi haina jukwaa. Sanaa nayo ni amali. Na ndani ya sanaa tusimwone anayeimba tu; tumwone pia anayewasha taa, anayejenga jukwaa lisilodondoka, na anayeshika mikisa.

Tena njia ya kwenda mbele ya hapo ipo, na kwa mzaha wa historia ni ile ile ya wapagazi. Mwisho wake uko Bagamoyo. Huko kilianzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Na katika masomo ambayo chuo hicho kimeyafundisha, pamoja na ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi, imo teknolojia ya jukwaa. Ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukajengwa tena. Watu wa sanaa wanajua thamani ya jengo kama hilo, na wanajua pia jinsi ukumbi wenye nyaya, taa na mapazia unavyohitaji mikono yenye elimu. Lakini twauliza: mtoto wa Ulyankulu atafikaje Bagamoyo ikiwa hajapata kuambiwa kwamba kazi aifanyayo Jumamosi ina jina, ina somo na ina chuo?

Tunazifahamu hoja za wanaopinga. Wa kwanza watasema shule hazina fedha. Ni kweli hazina nyingi. Lakini mafunzo haya hayaanzi na mitambo ya mamilioni. Yanaanza na kipaza sauti kimoja, spika moja, kipimo cha umeme, na mwalimu wa fizikia aliye tayari kutoka nje ya darasa. Watu wa Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya, walijijengea jukwaa lao la wazi mwaka 1977 kwa mikono yao wenyewe, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, wala hawakungoja mkandarasi. Yaliyowapata baadaye kutoka kwa serikali ya wakati ule ni habari nyingine. Lakini kwamba watu wa kawaida waweza kujifunza ufundi wa jukwaa wakiwa kwao, hilo walilithibitisha.

Wa pili watasema ufundi huu hujifunzwa kwa kumfuata fundi, kama ulivyojifunzwa siku zote. Tunamheshimu fundi wa mtaani. Bila yeye hata tusingekuwa na la kuandika. Hata hivyo mitambo inabadilika. Mikisa ya vifungo inaiachia nafasi ile ya kidijitali, ambayo kioo chake kimoja kimeficha mambo mia. Aliyejifunza kwa kubahatisha kifungo hiki na kile atabaki nyuma siku mtambo wa aina yake utakapoisha, kama vile mpagazi alivyobaki kando ya njia reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Reli haikuwa kosa. Kosa huwa ni kumwacha mtu mwenye ujuzi bila daraja la kumvusha kwenda kwenye ujuzi mpya.

Wa tatu hawasemi kwa sauti, lakini twawajua kwa vitendo vyao. Hao ndio wanaodhani kwamba kebo ni kazi ya mvulana, na binti mahali pake ni kwenye safu ya waimbaji. Sikio halina jinsia. Kukunja waya, kupima umeme na kusikiliza kwa makini si mambo ya misuli. Shule itakayounda kikundi cha mitambo na isiweke wasichana ndani yake itakuwa imepoteza nusu ya masikio yake.

Basi tunapendekeza mambo manne, na tunayapendekeza kwa watu wanaoweza kuyatenda. Kwanza, kila sekondari yenye mahafali, kwaya au maigizo iwe na kikundi cha wanafunzi wa mitambo, chini ya mwalimu, chenye daftari lake la kazi na kanuni zake za usalama. Wala mwanafunzi asiguse umeme mkubwa asipokuwepo mtu mzima mwenye ujuzi. Pili, kwaya na makanisa, misikiti na vikundi vya ngoma vinavyowatumia vijana hao viwalipe kwa haki, viwape vizibo vya masikio, na viwarudishe nyumbani kabla ya saa zilizokatazwa na sheria. Tatu, VETA, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikipima na kurasimisha ujuzi wa waashi, maseremala na mafundi magari waliojifunza nje ya vyuo, iufungue mlango huo kwa upana kwa mafundi wa sauti na taa. Nne, TaSUBa na vyuo vingine vya sanaa vitume walimu wao mikoani wakati wa likizo, japo kwa wiki mbili. Kwani ni rahisi zaidi mwalimu mmoja kupanda gari moshi hadi Tabora kuliko vijana mia moja kushuka pwani.

Na liko la tano, ambalo halihitaji bajeti wala barua ya wizara. Siku ya sherehe, mshereheshaji anapowataja waliofanikisha shughuli, awataje na vijana wa mitambo kwa majina yao. Mcheza kwao hutunzwa. Na aliyemwezesha mchezaji kusikika naye ni wa kwao.

Watu wa Ulyankulu wanajua kuliko sisi uzito wa kuitwa kwa jina. Kwa miaka zaidi ya 40 walikuwa namba katika orodha za wakimbizi. Leo wana vyeti vya uraia. Wajukuu wa waliofyeka pori lile sasa wamekaa madarasani, na wengine wao Jumamosi hii watakuwa nyuma ya spika. Tusiwafanye wapagazi wa mara ya pili, wabebao mzigo ulio na sifa huku wao hawana jina. Tuwafundishe, tuwalinde, tuwalipe. Siku itakayofuata ambapo kwaya itaimba na neno likatufikia sote tulioketi nyuma, tuigeuze shingo kidogo, tumtazame aliye kwenye mikisa, nasi tumpigie makofi.